Marubani Wapya wa Marekani: Njia ya Kwenda Kazini ni Mzigo wa Nani?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za chai, miwa, pamba na viwanda. Leo tunawaletea habari za watu ambao wengi wetu hatuwahesabu kuwa ni wafanyakazi wenzetu. Nao ni marubani wa ndege za abiria huko Marekani, hasa wale wapya walioingia kazini juzi juzi.

Tunajua baadhi yenu mtacheka. Mtasema, rubani ana shida gani? Anavaa sare safi yenye mistari mabegani, anakula hotelini, anaamkia mji huu na kulala mji mwingine. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tukiutazama kwa mbali tunauona mwepesi. Tukiusogelea na kuuinua kidogo, tutaona kwamba rubani mpya ana shida ambayo mkata miwa na mchuma chai wanaijua vizuri sana. Shida yenyewe ni umbali kati ya mahali anapolala na mahali anapofanyia kazi, na swali la nani anayelipia umbali huo.

KUPANGIWA KITUO

Rubani hana kiwanda wala shamba. Ana kituo. Kituo ni kiwanja cha ndege ambako zamu yake huanzia na ambako huishia. Kampuni ndiyo huamua vituo viwe miji gani, na kila kituo kiwe na marubani wangapi. Marubani nao huomba kituo wanachokitaka, na maombi hujibiwa kwa kufuata orodha ya ukongwe kazini. Aliyeajiriwa kwanza huchagua kwanza. Aliyeajiriwa jana hupewa kilichobaki.

Kilichobaki mara nyingi ni kile ambacho wakongwe hawakukitaka. Kwa miaka mingi New York na viwanja vya jirani, kikiwamo Newark katika jimbo la New Jersey, vimekuwa na sifa hiyo. Kodi ya nyumba huko ni kubwa mno. Kwa hiyo mara nyingi mfanyakazi mwenye mshahara mdogo kuliko wote ndiye anayepelekwa kwenye mji wa gharama kubwa kuliko yote.

Mtu atauliza, kwa nini asihamie huko? Wengine huhamia. Lakini wengi wana sababu zao, na ni sababu ambazo hata sisi tungezitoa. Mke au mume ana kazi yake mahali walipo. Watoto wako shuleni. Wazazi ni wazee na wanahitaji kuangaliwa. Wengi wana deni la mafunzo ya urubani, ambalo huwa ni makumi ya maelfu ya dola. Tena hata akihamia, hana hakika ya kudumu huko. Kampuni inaweza kufunga kituo au kupunguza ndege zake, na yule mpya akajikuta amepangiwa mji mwingine kabla hajazoea njia ya sokoni.

Basi anabaki nyumbani kwake, na kila zamu anasafiri kwa ndege kwenda kuanza kazi ya kurusha ndege.

SAFARI ISIYO KATIKA HESABU

Safari hiyo si sehemu ya zamu. Kwa kawaida huko Marekani rubani hulipwa kwa saa za safari, na saa hizo huanza kuhesabiwa ndege inaposogea kuondoka, na hukoma inaposimama mwisho wa safari. Kungoja kiwanjani hakumo. Kutoka nyumbani kwenda kituoni hakumo kabisa.

Ni kweli kwamba mara nyingi halipi nauli. Marubani wana desturi ya kuchukuana, na ndani ya chumba cha rubani kuna kiti cha ziada ambacho rubani msafiri anaweza kukikalia. Pia anaweza kupewa kiti cha abiria kama kimebaki kitupu. Lakini hapo ndipo penye matata. Kiti hicho hakina ahadi. Ndege ikijaa, anabaki chini. Sikukuu zikifika, ndege zote zinajaa. Theluji ikianguka, safari zinafutwa. Hata hivyo zamu yake haimngojei, na akichelewa anaweza kuitwa kujieleza.

Kwa ajili hiyo rubani mwenye busara haingojei ndege ya mwisho. Anakwenda na ile inayotangulia, ili ikimwacha apate nyingine. Kama zamu inaanza Jumatatu asubuhi, anaondoka nyumbani Jumapili. Zamu ikiisha usiku baada ya ndege ya mwisho kuondoka, analala huko huko hadi kesho. Siku mbili za mapumziko zimekwisha liwa na njia.

Alale wapi? Hoteli ni ghali. Wengi huchanga fedha na kupanga chumba karibu na kiwanja, chumba chenye vitanda vingi, na kila anayekuja anajitupa kwenye kitanda kilicho wazi. Katika mji wa New York kuna mtaa uitwao Kew Gardens, ulio kati ya viwanja viwili vikubwa vya ndege. Umejaa vyumba vya namna hiyo hata watu wakaugeuza jina kwa mzaha, wakauita Crew Gardens, yaani bustani za wafanyakazi wa ndege.

Mpya ana taabu moja zaidi. Mara nyingi hapewi ratiba ya kudumu bali huwekwa katika akiba, akingoja simu. Simu ikilia, kwa kawaida ana saa mbili au tatu tu za kufika kiwanjani. Mtu anayeishi kilometa elfu moja hawezi kungoja simu hiyo akiwa kwake. Lazima aingojee katika chumba cha vitanda vingi, pengine siku nne mfululizo, na huenda simu isilie hata mara moja.

USIKU WA FEBRUARI 12, 2009

Mambo haya yalikuwa yakijulikana na marubani wenyewe kwa miaka mingi. Watu wengine waliyajua baada ya msiba.

Usiku wa Februari 12, 2009, ndege ya kampuni ndogo iitwayo Colgan Air ilikuwa ikitoka Newark kwenda Buffalo, kwa jina na tiketi za kampuni kubwa ya Continental. Ilikuwa safari namba 3407. Ilipokaribia kutua ilianguka juu ya nyumba katika kijiji cha Clarence Center. Walikufa wote 49 waliokuwa ndani, pamoja na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Jumla ni watu 50.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri, ijulikanayo kama NTSB, ilichunguza na kutoa ripoti mwaka 2010. Tunataka tuiseme kwa haki, maana mfanyakazi hasaidiwi na habari za kutiwa chumvi. Bodi ilisema mwendo wa ndege ulipungua kupita kiasi bila marubani kutambua. Chombo cha kuonya kikatikisa usukani. Kapteni akauvuta usukani badala ya kuusukuma mbele, na ndege ikakosa nguvu ya kuelea. Hicho ndicho chanzo kilichoandikwa. Bodi iliulaumu pia utaratibu wa kampuni kuhusu mwendo wa ndege wakati wa barafu.

Lakini wachunguzi waliuliza pia kama marubani hao walikuwa wamelala, na wapi. Majibu yao ndiyo yaliyoshtua nchi.

Rubani msaidizi alikuwa mwanamke mwenye umri wa miaka 24. Aliishi na mumewe kwa wazazi wake karibu na Seattle, upande wa magharibi kabisa wa Marekani. Kituo chake kilikuwa Newark, mashariki kabisa, karibu kilometa 3,900. Huo ni umbali unaopita ule wa Mombasa hadi Kinshasa kwa mstari ulionyooka. Jioni ya siku iliyotangulia alipanda ndege ya mizigo, akabadilisha ndege katikati ya usiku huko Memphis, akafika Newark baada ya saa kumi na mbili asubuhi. Usingizi wake ulikuwa wa kuibia ndani ya ndege na katika chumba cha wafanyakazi. Siku hiyo alikuwa na mafua. Chombo kinachonasa sauti za marubani kilionyesha kwamba alieleza sababu ya kutokujiandikisha mgonjwa. Angefanya hivyo angelazimika kujilipia hoteli hadi apone.

Kapteni naye aliishi karibu na Tampa, Florida, kiasi cha kilometa 1,600 kutoka kituoni. Usiku wa kuamkia siku ya ajali alikuwa katika chumba cha wafanyakazi pale Newark, na ilionekana aliingia katika kompyuta ya kampuni saa tisa na dakika kumi usiku. Kampuni ilikuwa imekataza watu kulala katika chumba hicho. Kukataza kulikuwako, bali kitanda hakikuwako.

Rubani msaidizi alikuwa akilipwa chini ya dola 25,000 kwa mwaka. Huko nyuma aliwahi kufanya kazi ya pili katika duka la kahawa. Na si wao wawili tu. Wachunguzi waliwahesabu marubani 137 wa kampuni hiyo waliokuwa na kituo Newark. Kati yao 93 walisema wanasafiri kuja kituoni. Kati ya hao, 49 walitoka zaidi ya kilometa 640, na 29 walitoka zaidi ya kilometa 1,600.

Bodi ikasema kwamba huenda uchovu uliathiri kazi ya marubani hao wawili, lakini kiasi chake hakikuweza kupimwa kwa hakika. Kwa hiyo haukuandikwa miongoni mwa sababu za ajali. Mwenyekiti wa bodi hakuridhika, akaandika maoni yake kwamba ulistahili kuandikwa.

Yafaa kukumbuka jambo moja. Marubani wa Colgan walikuwa wamepiga kura ya kujiunga na Chama cha Marubani, ALPA, mwishoni mwa mwaka 2008, miezi michache tu kabla ya ajali. Chama hicho kiliundwa mwaka 1931 na kina nguvu, lakini hapo Colgan kilikuwa kimeingia mlangoni tu. Mkataba wa kwanza ulikuwa haujafungwa.

SHERIA ILIYOKUJA NA KILICHOACHWA

Ndugu wa marehemu hawakukaa kimya. Walikwenda Washington tena na tena, wakakaa mbele ya wabunge na picha za watu wao. Mwaka 2010 sheria mpya ikapitishwa. Ilitaka hata rubani msaidizi awe na leseni ya juu, ambayo kwa kawaida huhitaji saa 1,500 za kurusha ndege. Hapo zamani aliweza kuanza na saa 250. Sheria iliagiza pia kanuni mpya za kazi na mapumziko.

Kanuni hizo zilianza kutumika Januari 4, 2014. Rubani wa ndege za abiria hupata mapumziko ya saa 10 kabla ya zamu, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8. Urefu wa zamu hutegemea saa inapoanzia, maana mwili unaoamshwa usiku si sawa na unaoamka na jua. Tena rubani hutakiwa kuthibitisha kabla ya kila safari kwamba ana nguvu za kufanya kazi. Marubani wa ndege za mizigo waliachwa nje ya kanuni hizo, kwa hoja ya gharama.

Hayo ni mafanikio. Lakini safari ya kutoka nyumbani hadi kituoni haikuwekewa kanuni. Sheria iliagiza uchunguzi, na wataalamu wa Baraza la Taifa la Utafiti wakatoa ripoti mwaka 2011. Walisema safari hiyo inaweza kumchosha rubani, bali habari zilizopo hazitoshi kuitungia sheria, na umbali peke yake haupimi uchovu. Mtu aliyekaa saa moja katika ndege anaweza kufika akiwa mzima kuliko aliyekaa saa mbili ndani ya gari katika msongamano.

Neno hilo ni la kweli. Lakini tuangalie lilivyoishia. Rubani anaweka sahihi kwamba hana uchovu, naye peke yake ndiye anayebeba njia iliyomchosha. Akikataa kazi anaogopa kuitwa mvivu, au kupoteza malipo, au kutafuta hoteli kwa fedha yake. Akikubali, ameweka sahihi. Jambo likiharibika, jina lililo kwenye karatasi ni lake.

Wako waliotaka safari hizo zipigwe marufuku. Marubani wenyewe na chama chao hawakulipenda wazo hilo, nasi tunaona sababu. Marufuku ingempiga nani? Si kapteni mkongwe aliyechagua kituo karibu na kwake. Ingempiga yule mpya, ambaye angeambiwa ahamie mji wa gharama kwa mshahara wa mkia, au aache kazi.

NANI ALIYE CHINI YA ORODHA

Hapa tunafika mahali panapouma kidogo, na ni lazima tupaguse. Orodha ya ukongwe ni kazi ya vyama. Ililetwa kuzuia upendeleo. Kabla yake mkubwa wa kazi aliweza kumpa zamu nzuri rafiki au ndugu yake. Orodha ilikomesha hayo, nasi hatutaki irudishwe nyuma.

Lakini orodha ina mkia, na mkiani kuna watu. Kila jambo jema likigawanywa kuanzia juu, ubaya wote hujikusanya chini: kituo cha mbali, akiba ya kungoja simu, mshahara mdogo, likizo katika mwezi usiotakiwa na mtu. Mpya huvumilia akijua kwamba siku yake itakuja. Halafu kampuni ndogo inafungwa, naye akiajiriwa kwingine anaanza upya mkiani. Colgan yenyewe ilisimamisha safari zake mwaka 2012. Chama kinachotetea orodha kina wajibu wa kuhakikisha kwamba hata mtu wa mwisho juu yake anaweza kuishi na kulala.

Vyama huko vimeanza kujibu. Katika baadhi ya mikataba kuna kifungu kinachosema kwamba rubani aliyejaribu kwa wakati ndege mbili zenye nafasi, zote zikamshinda, asiadhibiwe. Baadhi imepata idadi fulani ya usiku wa hoteli kwa mwezi kwa wanaotoka mbali. Bodi ya usalama pia ilishauri mwaka 2010 kwamba makampuni yawatambue wanaosafiri, yapange zamu kwa kuwafikiria na kuwatafutia mahali pa kupumzikia.

Na mishahara? Kwa muda mrefu makampuni madogo yalisema hayana fedha. Marubani walipopungua, fedha zikaonekana. Mwaka 2022 makampuni matatu madogo yaliyo chini ya American Airlines yalitangaza malipo ya kuanzia ya dola 90 kwa saa kwa rubani msaidizi mpya, ndani yake ikiwamo nyongeza ya muda. Hatusemi shida imekwisha. Tunasema tu kwamba uhaba uliyafungua masanduku yaliyosemwa kuwa ni matupu. Mwajiri hutoa kwa moyo mweupe wakati anapohitaji watu. Kinachobaki baada ya hapo ni kile kilichoandikwa katika mkataba.

TUJIFUNZE NINI

Ndugu, sisi hatupandi ndege kwenda shambani. Lakini wako miongoni mwetu wanaoamka saa tisa usiku kuwahi lori, na wako wanaoanza kazi wakiwa wametembea tayari mwendo wa saa mbili. Mtu huyo anapokatwa na panga au kuvutwa na mashine, taarifa huandikwa kwamba hakuwa mwangalifu. Haiandikwi aliamka saa ngapi.

Kwa hiyo tunawaomba wajumbe wa matawi yetu mambo manne katika majadiliano yanayokuja. Kwanza, waulize kila mfanyakazi mpya analala wapi na anafikaje kazini, na majibu yaandikwe. Pili, usafiri au nyumba karibu na kazi iwe kifungu cha mkataba, isiwe hisani ya meneja. Tatu, gari la kampuni likichelewa, asikatwe mshahara mtu aliyekuwa analingojea. Nne, ajali ikitokea, saa aliyoamka mfanyakazi na njia aliyopita ziingie katika taarifa pamoja na mengine yote.

Rubani yule wa miaka 24 alikwenda kazini na mafua kwa sababu angejiandikisha mgonjwa angelazimika kujilipia hoteli. Abiria waliokuwa nyuma yake hawakujua hayo, wala hawakuwa na namna ya kujua. Gharama ya njia ikiachwa mgongoni mwa mfanyakazi mmoja, hawezi kuibeba peke yake siku zote. Siku moja itawaangukia na wengine waliomo pamoja naye.